Braciole za Napoli: nyama ya sikukuu inayopikwa siku moja kabla

Siku ya sikukuu mpishi wa nyumba ndiye wa mwisho kuketi na wa kwanza kuinuka. Wageni wanapiga soga barazani, yeye yuko jikoni anageuza kuku kwenye mafuta, jasho limemlowesha. Mimi niliacha mtindo huo nilipofundishwa kupika braciole na mama mmoja mzaliwa wa Napoli aliyehamia kwetu Malindi, mji ambao Waitaliano wengi wameufanya nyumbani kiasi kwamba vijana wa ufukweni huzungumza Kiitaliano kama maji. Siri yake ilikuwa nyepesi: kazi yote ifanyike mkesha wa sikukuu. Siku yenyewe unapasha moto, unachemsha tambi, unakaa na watu wako.

Braciole ni vipande vyembamba vya nyama ya ng'ombe vinavyojazwa jibini na viungo, vikaviringishwa, vikafungwa uzi, kisha vikaachwa vitokote saa kadhaa ndani ya mchuzi wa nyanya. Sufuria moja inatoa milo miwili. Mchuzi unatangulia mezani ukiwa juu ya tambi, halafu nyama inafuata kwenye sahani yake.

Kabla hujaenda bucha, tahadhari ndogo kuhusu jina. Husomwa "brachole", na moja pekee huitwa braciola. Kwa Kiitaliano cha kawaida neno hilo ni la kipande cha nyama cha kuchoma na linatokana na brace, yaani makaa ya moto. Kwa hiyo ukiagiza braciola kaskazini mwa Italia, usishangae kuletewa nyama ya nguruwe yenye mfupa, na msomaji Mwislamu ni vyema alijue hilo mapema. Ni kuanzia Napoli kuelekea kusini ndipo jina linapomaanisha nyama iliyoviringishwa. Kwingineko wanaiita involtini. Bari wana desturi ya kutumia nyama ya farasi. Messina, kule Sisilia, wanaviringisha vidogovidogo, wanavipaka chenga za mkate na kuvichoma kwenye vijiti kama mishikaki. Wasisilia pia wana falsomagro, pande moja kubwa la nyama lenye mayai ya kuchemsha tumboni. Hapa napika ya Napoli.

Nyama

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Mwambie mwenye bucha akupe mnofu wa paja la nyuma, kipande kimoja kizima kisicho na mfupa, kilo moja na robo hivi kwa watu sita hadi wanane. Usinunue fileti. Ni ghali, na ikitokota saa tatu inakuwa kavu kama kizibo. Nyama ya paja ina kazi nyingi mwilini mwa ng'ombe, ndiyo maana ina uwezo wa kustahimili moto mrefu na mwishowe ikalainika.

Ng'ombe wetu wengi wanakula majani, wanatembea sana, na nyama huuzwa siku ileile ya kuchinjwa. Ina ladha nzuri kuliko nyingi nilizokula kwingine, lakini ni ngumu. Mapishi ya Kiitaliano yakikuambia saa mbili, wewe hesabu tatu. Ukiwa Nairobi, Arusha au Mbeya ongeza tena kidogo, maana kwenye miinuko maji yanachemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Nairobi ni kama nyuzi 94 au 95, na nyama inachelewa kuiva.

Mwenye bucha akiwa na kisu kikali na muda, mwombe akukatie vipande 12 vyembamba, unene wa nusu sentimita, ukubwa wa kiganja kilichofunguliwa. Akatishe nyuzi za nyama, asifuate urefu wake. Akikataa, na siku za sikukuu atakataa, nenda nayo nyumbani, itie kwenye friza kwa dakika 40 mpaka iwe ngumu kwa nje, kisha ikate mwenyewe. Nyama iliyoanza kuganda haitelezi chini ya kisu.

Sasa iponde. Weka kipande katikati ya karatasi mbili za kuokea zilizopakwa mafuta kidogo (mifuko ya nailoni tuliyokuwa tukitumia zamani ilipigwa marufuku, Kenya mwaka 2017 na Tanzania 2019, na kwa kazi hii hatuihitaji). Kama huna nyundo ya nyama, chukua mchi wa kinu kidogo, au mti wa kusukumia chapati. Gonga kutoka katikati ukielekea pembeni, polepole, mpaka kipande kiwe chembamba sawasawa bila kutoboka. Ukitoboa, usikitupe. Ziba tundu kwa kijipande cha nyama nyingine, mviringo utakificha.

Vitu vya kuandaa

Kwa braciole 12:

- vipande 12 vya nyama, kilo 1.2 hadi 1.3 kwa jumla
- jibini gumu gramu 120, lililokunwa
- vitunguu saumu punje 4
- pasli fungu moja kubwa
- zabibu kavu gramu 50
- mbegu za msonobari gramu 40
- chumvi na pilipili manga
- uzi mweupe wa pamba

Kwa mchuzi:

- mafuta ya zeituni mililita 100
- vitunguu maji 2 vikubwa
- divai nyekundu glasi moja
- nyanya nzito ya kopo vijiko 3 vya mezani
- nyanya zilizosagwa na kuchujwa, kilo moja na nusu
- matawi machache ya mrehani

Kwa tambi: gramu 80 hadi 100 kwa kila mtu, na jibini la kunyunyizia.

Jibini lenyewe kwa Napoli ni pecorino, la maziwa ya kondoo, lenye chumvi kali. Parmigiano linafaa, na jibini lolote gumu lililokomaa ambalo halivutiki kama ubani linafaa pia. Pecorino na Parmigiano hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa mwanakondoo au ndama, kwa hiyo anayezingatia halali atafute jibini ambalo lebo yake inasema limegandishwa kwa kimeng'enya cha mimea au cha vijidudu.

Mbegu za msonobari ni ghali hata huko Italia. Korosho zilizokatwakatwa zimenifaa miaka mingi na sijasikia mgeni akilalamika. Pasli usiibadilishe na giligilani ingawa majani yanafanana. Giligilani itakupeleka kwenye mchuzi wa pilau, na leo hatuendi huko. Mrehani, nashukuru, tunao uani. Ni ndugu wa ule wa Kiitaliano, ila wetu mara nyingi una harufu kali zaidi, kwa hiyo punguza.

Wasiotumia divai waweke glasi ya supu ya nyama yenye kijiko kimoja cha siki. Kazi ya divai hapa ni kuleta uchachu kidogo na kubandua ukoko wa sufuria, si kulewesha mtu. Nilijaribu ukwaju mara moja. Mchuzi ulikuwa mtamu kweli, lakini aliyenifundisha aliuonja, akatabasamu, akaniambia nimepika chakula cha Kiswahili.

Kuhusu nyanya: Wanapoli wanajivunia San Marzano, nyanya ndefu zinazolimwa kwenye udongo wa volkano karibu na mlima Vesuvio, na tangu 1996 jina hilo linalindwa kisheria. Zikipatikana dukani kwenye kopo na mfuko unaruhusu, nunua. La sivyo chagua sokoni nyanya za umbo la yai, zilizoiva hadi zimekuwa nyekundu ndani, kilo tatu. Zikate katikati, zichemshe dakika 20 bila maji, kisha zikamue kwenye chujio mpaka humo yabaki maganda na mbegu tu. Nyanya za duara zenye majimaji mengi zitakulazimu kukaa jikoni saa moja zaidi.

Kujaza na kufunga

Loweka zabibu kwenye maji ya vuguvugu robo saa, zikamue. Katakata pasli na vitunguu saumu pamoja mpaka viwe kama majani ya chai, kisha changanya na jibini, zabibu, mbegu na pilipili manga ya kutosha. Chumvi acha kwa sasa, jibini linayo. Mchanganyiko uwe mkavukavu unaomwagika. Haufinyangwi kama kachori.

Tandaza vipande vya nyama mezani. Nyunyiza chumvi kidogo sana. Weka kijiko kimoja kilichojaa cha mchanganyiko katikati, acha sentimita moja na nusu pande zote. Hapa mkono unatamani kuongeza. Usiongeze! Nyama itanywea, vilivyomo vitatafuta pa kutokea, na jibini lote litaishia mchuzini.

Kunja kwanza pembe mbili za ubavuni ziingie ndani, kama unavyokunja bahasha, halafu viringisha kutoka upande ulio karibu nawe, ukibana. Funga uzi mara mbili upande wa kulia na kushoto, na mara moja kwa urefu. Fundo moja linatosha.

Uzi uwe wa pamba na usiwe na rangi. Mwaka wangu wa kwanza sikuwa nao, nikachomoa nyuzi za kiroba cha unga. Zilipogusa mafuta ya moto zikayeyuka, nikalazimika kumwaga braciole zote kumi na mbili. Wengine wanatumia vijiti vya meno, na si vibaya ikiwa utavihesabu: vilivyoingia 24, vitoke 24. Mimi napendelea uzi kwa sababu mgeni anauona, na tena nyama inageuka vizuri kwenye sufuria bila kuchomachoma wenzake.

Zikishafungwa, ziache kwenye friji nusu saa zishikamane. Zipanguse kwa kitambaa safi au karatasi kabla ya kukaanga, kwa kuwa nyama yenye maji haipati rangi.

Moto na mchuzi

Chukua sufuria nzito, pana, yenye mfuniko. Sufuria nyepesi za alumini zinaunguza chini wakati juu bado. Kama huna nyingine, weka chuma cha chapati katikati ya moto na sufuria.

Pasha mafuta. Panga braciole nne au tano tu kwa mkupuo, upande wa mwisho wa mkunjo ukiwa chini ili ujifunge wenyewe. Usiziguse kwa dakika mbili. Zikijiachia zenyewe, zigeuze, na uendelee hivyo mpaka pande zote ziwe na rangi ya kahawia iliyokolea. Ni kama dakika nane kwa kila mkupuo. Zitoe, weka pembeni, endelea na nyingine. Ukizijaza zote kwa pamoja zitatoa maji na kuchemka, na rangi hiyo uliyoikosa haitapatikana tena.

Punguza moto. Kwenye mafuta yaleyale tia vitunguu maji vilivyokatwa vidogo kabisa na chumvi kidogo, vipike dakika 15 mpaka vilegee na kung'aa, visiwe vyeusi. Mimina divai, au ile supu yenye siki, na kwangua ukoko wote kwa mwiko. Huo ukoko ndio utamu wenyewe. Subiri divai ikauke hadi harufu kali imetoka.

Tia nyanya nzito ya kopo peke yake, ikaange dakika nne au tano ukikoroga, mpaka igeuke kutoka nyekundu kuwa rangi ya matofali. Watu wengi wanairusha pamoja na nyanya nyingine, kisha wanashangaa kwa nini mchuzi una ladha ya kopo. Sasa mimina nyanya zilizosagwa na glasi mbili za maji, koroga, rudisha braciole zote pamoja na maji yaliyochuruzika sahanini. Mchuzi uzifunike karibu zote.

Ukianza kuchemka, teremsha moto hadi mdogo kabisa, weka mfuniko lakini acha upenyo, chomeka mwiko katikati. Wanapoli wana kitenzi chao cha hali hii, pippiare, kinachoiga sauti ya sufuria: povu moja linapanda, linapasuka, kimya, halafu jingine. Sisi tunalo kutokota. Ukisikia sufuria inanguruma, moto ni mkubwa. Usiposikia chochote, imelala.

Jiko la mkaa linaweza kazi hii kuliko gesi. Makaa yakishashika, yafunike kwa jivu, na sufuria itatokota bila wewe kuisumbua, ila mlango wa hewa wa jiko uwe karibu umefungwa na dirisha la jikoni liwe wazi.

Kila nusu saa geuza nyama, pitisha mwiko chini pasigande, ongeza maji kidogo ya moto mchuzi ukizidi uzito. Baada ya saa mbili na nusu anza kujaribu kwa kijiti chembamba. Kikipita bila kupingwa, nyama imeiva. Usiziache zikaanza kuchambuka, zitoe na uzifunike. Mchuzi wenyewe pengine bado unadai nusu saa au zaidi. Dalili yake kila mpishi wa pwani anaijua: mafuta yamejitenga na kupanda juu, yana rangi ya chungwa, na mwiko ukipita chini unaacha njia. Hapo onja, tia chumvi inayopungua, tupia mrehani, zima.

Usiku kucha

Rudisha nyama kwenye mchuzi. Usiache sufuria juu ya jiko mpaka asubuhi, hasa kwa joto letu la Desemba. Ikalishe kwenye beseni la maji baridi, koroga mara mbili tatu, na ndani ya saa mbili iwe friji. Kama friji imejaa soda za wageni, toa soda.

Usiku huo mambo mawili yanatokea. Nyama iliyopoa inanyonya sehemu ya mchuzi, na jibini ndani linashikana, kwa hiyo kesho braciole haitafumuka unapokata uzi. Huko Napoli mpango huu una sababu nyingine, kwa kuwa mkesha wa Krismasi ni siku ya samaki na nyama inasubiri tarehe 25. Sufuria inaweza kupikwa bila mtu kuidokoa, angalau kinadharia.

Siku yenyewe

Saa moja kabla ya kula, toa sufuria, ipashe moto mdogo ikiwa na mfuniko mpaka ichemke kabisa hadi katikati ya nyama. Toa braciole, kata nyuzi kwa mkasi, hesabu nyuzi, panga nyama kwenye sinia na vijiko vichache vya mchuzi, funika.

Tambi za Napoli kwa mchuzi huu ni ziti, ndefu na zenye tundu, ambazo huvunjwa kwa mkono vipande vitatu vinne. Kwetu rigatoni au penne zinatosha. Spageti haikatazwi, ila mchuzi mzito hupenda tundu la kuingilia. Chemsha lita moja ya maji kwa kila gramu 100, chumvi gramu 10 kwa lita, na uzitoe dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Zichanganye na mchuzi kwenye sufuria pana juu ya moto, pamoja na kikombe cha maji uliyochemshia, ukikoroga kwa nguvu dakika mbili. Huu ndio mlo wa kwanza, na unaliwa peke yake. Anayetaka kuweka tambi, nyama na kachumbari kwenye sahani moja ni nyumbani kwake, mimi simzuii. Mogadishu na Barawa, ambako utawala wa Waitaliano uliacha baasto (tambi) na suugo (mchuzi wake), watu wanakula tambi na ndizi mbivu pembeni, na ni tamu.

Kisha braciole. Mbili kwa mtu mwenye njaa, moja na nusu kwa waliokula tambi nyingi. Kata kwa kisu kikali vipande vya unene wa kidole ili mviringo wa jibini na zabibu uonekane. Pembeni Napoli wanaweka friarielli, mboga ya majani yenye uchungu kidogo. Mnavu uliokaangwa kwa mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na pilipili unakaribia sana, na uchungu wake unakata mafuta ya mchuzi.

Yakibaki, braciole zinakaa friji siku tatu, na friza miezi miwili zikiwa zimezama ndani ya mchuzi wake. Mchuzi pekee ukibaki, vunja mayai juu yake asubuhi ya pili. Au fanya kama watoto wa Napoli wafanyavyo Jumapili kabla ya chakula kuiva: mega boflo, chovya moja kwa moja kwenye sufuria, kula ukiwa umesimama.